Chumba Kisichopitisha Upepo

Jumatano, 9 Aprili 2025

Nasma kajifungua. Dume, kilo tatu na gramu mia saba, nywele tele kama kavaa kofia, na kwa kilio chake wodi ya pili walikuwa wanaulizana huyo ni wa nani. Ni wa kwangu, nikawajibu.

Sasa ndiyo nikusalimie, mjukuu wangu, maana daftari hili ni lako. Hujambo? Mimi ni bibi yako Mastura. Niliishia darasa la saba, lakini mwandiko wangu mwalimu alikuwa anauzungusha darasa zima wauone. Mama yako Nasma ni mwalimu wa hesabu wa sekondari, ana digrii, na hapa mtaani kwetu Pasiansi mwenye digrii mwingine ni daktari wa mifugo tu, na huyo kapanga. Baba yako Abdillah yuko kazini Bukoba. Mimba ya kwanza mtu huzalia kwao, kwa hiyo siku arobaini zote mama yako ni wangu.

Mvua imenyesha tangu alfajiri.

Alhamisi, 10 Aprili

Tumerudi nyumbani. Nataka ujue ulikopokelewa.

Babu yako Salum ni fundi seremala, karakana yake iko Buzuruga, na watu wanatoka Nyegezi kumfuata yeye. Mwezi mzima alikuwa anashughulikia chumba cha mzazi. Dirisha la mbao za mninga, milango miwili inayokutana katikati kama midomo ya mtu aliyenuna. Matundu ya hewa ya juu ameyaziba kwa matambara na mbao, kila moja kwa kipimo chake. Juzi upepo wa ziwa ulikuwa unavuma mpaka mabati ya jirani yanapiga makofi. Nilisimama ndani nikaning'iniza uzi wa kushonea mbele ya dirisha. Uzi haukutikisika.

"Mama Nasma," akaniambia, "hapa hata jini akitaka kuingia itabidi apige hodi."

Miguuni pa kitanda nimeweka jiko langu la mkaa. Wengine wanaingiza jiko linafuka, wanawakohoza wazazi wao. Mimi nawasha nje barazani, napepea mpaka moshi wote uishe na mkaa uwe mwekundu mtupu, ndipo naingiza na kufunga mlango. Wazazi watano wa ukoo huu nimewatunza hivyo. Mdogo wangu wa Nyegezi ameshaniomba niende kwake mwezi wa sita, binti yake Nusrat naye atajifungua.

Nina sababu, nami nitakuandikia mara moja tu. Nasma ni wa pili. Wa kwanza alikuwa mwanaume, Faisal, masika ya mwaka 1996. Mama yangu ndiye aliyenitunza. Siku ya ishirini na moja mtoto alilala na hakuamka. Ilikuwa mvua kama hii. Mama alisema baridi imepenya mahali, akazunguka chumba kizima na mshumaa akitafuta pa kulaumu. Tangu siku hiyo mimi na baridi hatusalimiani.

Jumamosi, 12 Aprili

Mvua. Nasma anaumwa kichwa. Nimempa uji wa pilipili manga.

Jumapili, 13 Aprili

Mvua. Kichwa tena. Mchana jua lilichungulia, akatoka barazani, kikaacha. Nimemwambia ni maziwa yanapanda.

Jumanne, 15 Aprili

Siku ya saba. Umenyolewa nywele, umepewa jina: Faisal. Baba yako ndiye aliyeomba kwa simu. "Mama, kama utaridhia, namrudisha mjomba wake nyumbani." Niliingia jikoni nikajifanya natafuta chumvi.

Mbuzi wako wawili wa akika watangoja arobaini, ili baba yako apate likizo na ukoo wote ufike kwa pamoja. Itakuwa shughuli ya kusimuliwa.

Wewe ni mtulivu sana. Unalala kutwa. Mama wengine wangenionea wivu.

Alhamisi, 17 Aprili

Yule binti aliyepanga nyumba ya pili, Paskazia, muuguzi wa zahanati, kaja kumsalimia mzazi. Binti wa Ukerewe, miaka ishirini na minne, amevaa koti la mvua kubwa kama la mvuvi.

"Shikamoo, Mama Nasma."

"Marahaba. Vua viatu, umeleta ziwa zima."

Akacheka, akaingia chumbani, akasimama. Hakumtazama mtoto kwanza. Alitazama dirisha, akatazama juu kwenye matundu, akatazama jiko.

"Mama, hili jiko linakaa humu usiku?"

"Usiku na mchana. Unaona moshi?"

"Sioni."

"Basi."

"Hapo ndipo shida ilipo, mama. Mkaa ukiwaka chumba kimefungwa unatoa hewa ya sumu. Haionekani, hainuki. Moshi angalau ungekukohoza ukakimbia. Hii haina hata adabu ya kukukohoza. Inakulaza tu."

"Na baridi je, inamwamsha?"

"Mtoto mweke kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, kofia kichwani, kanga juu, blanketi juu. Hapo hapati baridi. Jiko libaki barazani."

Nikamuuliza amezaa wangapi. Akasema bado. Nikamwambia akizaa hata paka arudi tuzungumze. Nasma akaona haya akafunika uso, lakini nilimwona anamtazama Paskazia kama mtu anayetaka mwenzake abaki kidogo. Nikamsindikiza mgeni mpaka nje, nikamwambia kwa upole kwamba dirisha lile asilisogelee, mzazi wangu ananitosha.

Vitabu ni vizuri. Mimi mwenyewe nimesomesha. Lakini hawa watoto wakipewa sare nyeupe wanaona bibi zao wote walikuwa wajinga.

Ijumaa, 18 Aprili

Mvua, na upepo kutoka ziwani. Nasma hajala.

Jumapili, 20 Aprili

Banda la kuku limejaa maji. Vifaranga sita nimeviweka kwenye boksi chini ya kitanda cha mzazi, joto liwafae wote. Vingine sita vimebaki na mama yao jikoni kwenye gunia.

Jumatatu, 21 Aprili

Viwili vimekufa. Vimelala tu vichwa upande, kama vimeambiwa vilale.

Jumanne, 22 Aprili

Viwili tena. Babu yako anasema ni kideri. Nimeuliza mbona wale wa jikoni wanarukaruka. Akasema kideri kina mambo yake.

Jumatano, 23 Aprili

Boksi limekwisha. Nimelitupa. Wa jikoni wote sita wazima.

Mvua.

Alhamisi, 24 Aprili

Leo nimegombana na mama yako na sikupenda. Alfajiri nilikuta amefungua dirisha, upepo unaingia, yeye ameegemea pale anatapika nje, na wewe umelala kitandani. Nikafunga. Nikamwambia unataka kuniua mara ya pili?

"Mama, nikitoka nje kichwa kinapona. Nikirudi ndani kinaanza. Nimehesabu. Mara nane kati ya nane. Mwanafunzi wangu wa kidato cha kwanza ungempa hilo angekupa jibu."

"Hizo ni hesabu. Huu ni uzazi."

"Faisal hanyonyi kama wiki iliyopita."

"Ameshiba joto. Mtoto mwenye raha halii."

Akanitazama. Nasma ana macho ya baba yake, yanapima kabla ya kusema. "Mama," akasema, "unaogopa." Nikamwambia nina kazi ya kukanda maji, nikatoka.

Nimeanza kumwona mama yako kuwa mkaidi na mvivu. Naandika hivi ili usije ukasema bibi alificha mambo. Wenzake nilipowatunza walitoka wamenenepa. Yeye anatembea anashika ukuta.

Jioni nikamwambia Salum alitengeneze vizuri komeo la dirisha. Akaweka la chuma.

Jumamosi, 26 Aprili

Mvua kutwa. Mbao zimevimba kwa maji, mlango wa chumba sasa unafungwa kwa bega. Babu yako anasema ataupiga randa jua likitoka. Jua halijatoka.

Jumapili, 27 Aprili

Mvua.

Jumatatu, 28 Aprili

Kesho ni siku ya ishirini na moja. Nimeazima jiko la pili. Kesho sitoki chumbani, nitakaa na nyinyi mpaka siku igeuke. Ikitaka kukuchukua itanikuta mlangoni.

Jumanne, 29 Aprili

Nimewasha yote mawili. Redio inasema mvua kubwa na upepo mkali ziwani, vyombo vidogo visitoke. Babu yako kaenda karakana. Naandika nimekaa kwenye kigoda humu humu ndani. Joto zuri, kama mgongoni mwa mtu. Nasma amelala, nawe umelala kifuani kwake. Kichwa kimenishika kidogo, ni kwa sababu sikulala. Ngoja nipumzishe macho nita

Ijumaa, 2 Mei

Naandika nje ya wodi ya watoto, kwenye benchi. Naandika yote, hata yanayonidhalilisha.

Siku ile nilisinzia na kalamu mkononi, saa saba mchana Nasma akaniamsha akaniomba: "Mama, fungua kidogo tu." Nikamwambia leo hapana, kesho nitakufungulia mpaka mlango. Hakubishana. Nilifurahi kwamba hakubishana.

Saa nane kukawa giza kama magharibi. Kisha mvua ya mawe. Kwenye mabati ilikuwa kama lori linamwaga kokoto juu ya vichwa vyetu. Nikaona vyema, baridi sasa imekuja yenyewe, na imekuta nimefunga. Nikaongeza mkaa.

Ulikuwa na chuchu mdomoni lakini hunyonyi. Nikajiambia umeshiba. Mama yako mdomo wazi, mkono umeanguka pembeni ya kitanda. Nikajiambia amechoka. Kila nilichokiona nilikuwa na jibu lake, mjukuu wangu. Sijawahi kuwa na majibu mengi kama siku ile.

Nikataka kusimama nikuweke vizuri. Magoti yakakataa. Nikacheka, nikasema uzee huo. Nikasimama tena, nikaanguka kwenye mkeka, shavu langu karibu na jiko. Nikawa natazama makaa. Yalikuwa mekundu, safi, hayana moshi hata wa kumwingia mdudu. Mkaa mzuri kuliko wote niliowahi kuwasha. Na hapo ndipo nikaliona lile boksi. Halikuwepo, nilishalitupa, lakini niliona vifaranga vimelala vichwa upande, nikaona mkono wa Nasma ulivyoning'inia, nikajua.

Nikatambaa mpaka mlangoni nikaushika mpini. Mlango umevimba. Siku zote nauvuta kwa nguvu zangu zote, siku ile sikuwa nazo. Dirisha lina komeo la chuma juu ya kichwa changu, nililoliomba mwenyewe.

Nje kwenye baraza nikasikia sauti. "Hodi, Mama Nasma. Shikamoo. Najikinga mawe tu kidogo, naondoka sasa hivi."

Paskazia, anatoka zamu. Nikafungua mdomo kuitikia marahaba. Haikutoka. Mkono wangu ukakutana na mfuniko wa sufuria ya maji ya kukandia. Nikaupiga sakafuni. Nikapiga tena. Mara ya tatu sikumbuki.

Yaliyofuata ameniambia yeye, hapa hapa kwenye benchi. Anasema mawe yalipopungua alitaka kuondoka, kwa kuwa nilimkataza kulisogelea dirisha lile na hakutaka kunikera. Ameshashuka ngazi moja akasikia bati linalia ndani, mara mbili, kisha hafifu, kisha kimya. Akaita. Akapitia ukumbini akausukuma mlango kwa bega, haukwenda. Akarudi barazani, akauchukua mchi wangu wa kinu, akaliendea dirisha.

"Nililipiga nikihesabu, mama. Wa sita bado. Wa tisa bado. Baba Nasma anajua kazi, Mungu amsamehe."

Mbao hazikupasuka mpaka mwisho. Bawaba ndizo zilizong'oka. Akaruka ndani, akakuchukua wewe kwanza. Anasema ulikuwa umelegea kama kitambaa kilicholowa. Akakutoa kwenye upepo na mvua, huko huko nilikokuzuia siku ishirini na moja, akakuwekea mdomo wake na kukupulizia. Akamburuta mama yako, akaniburuta mimi. Shimba wa bajaji, jirani wa chini, alisikia kelele akapanda, akatupakia sote. Barabara ilikuwa mto.

Mimi nilizinduka njiani, nimeegemezwa pembeni, mvua inanipiga usoni. Nasma alizinduka jioni, wakiwa wamemvalisha hewa ya mtungi.

Wewe ulifungua macho jana. Hujalia.

Salum anakaa mwisho wa benchi. Amezungusha kofia yake mikononi tangu asubuhi. Saa ngapi sijui akasema, "Nilipima kila tundu, Mastura." Miaka mingi hajaniita jina langu. "Nilipima kila tundu."

Jumamosi, 3 Mei

Hujalia. Abdillah amefika na basi la usiku. Amenishika mikono, amenisalimia, hakuuliza kitu. Ni afadhali angeuliza.

Jumapili, 4 Mei

Saa tano asubuhi umelia. Kidogo kwanza, kama mtu anayejaribu funguo, kisha wodi nzima wakageuka. Muuguzi akauliza huyo ni wa nani. Nilitaka kujibu nikashindwa. Nasma akajibu: "Wetu."

Jumanne, 6 Mei

Tumerudi jana. Daktari anataka akuone kila mwezi mpaka ukae mwenyewe, aangalie ubongo haukuumia. Nimeandika tarehe zote ukutani. Mvua ilinyesha njia nzima.

Nililala ukumbini. Nasma amekufunga kifuani kwake, ngozi kwa ngozi, kofia, kanga, blanketi, vile vile Paskazia alivyosema siku ile nikamtajia paka. Asubuhi nilikushika miguu. Ya moto.

Ijumaa, 9 Mei

Nilimpelekea Paskazia sato wa kukaanga, mkubwa, kichwa na mkia vinatoka nje ya sahani. Akasema shikamoo kama kawaida, hakuona haja ya kunikumbusha lolote. Nikamwambia nilimkosea. Akasema, "Mama, paka bado sijazaa, lakini ninaendelea." Tukacheka, kisha nikalia.

Nikamuuliza. Nilikuwa nimebeba swali hilo tangu kwenye benchi. Nikamwambia habari za Faisal wa kwanza, masika, chumba cha mama yangu, jiko miguuni, mshumaa wake akitafuta baridi ukutani. Nikamuuliza, ilikuwa nini?

Aliweka sahani chini. "Sijui, mama. Sikuwepo."

"Lakini unafikiri."

"Nafikiri mama yako alikupenda."

 Nilirudi kwa njia ndefu. Miaka ishirini na tisa nimechukiana na baridi, na huenda haikuwahi kunikosea. Sitajua. Mama yangu alikufa akiamini mshumaa ule, na nashukuru hakuna aliyemwambia. Ila wazazi wale watano niliowatunza, nimewapigia simu wote mmoja mmoja. Watatu waliniambia walikuwa wanaumwa kichwa. Hawakusema kwa sababu waliniheshimu.

Jumapili, 11 Mei

Mvua, lakini nyepesi. Nasma amekula sahani mbili. Nilikosea nilipomwandika mvivu. Sifuti, ubaki uone na jibu lake: mara nane kati ya nane.

Jumatano, 14 Mei

Babu yako ameanza kutembea na futi yake tena. Matundu yote ya juu ameyazibua, na mlango ameupiga randa, sasa kidole kimoja kinausukuma. Leo kaleta mbao mpya apime dirisha. Nikamwambia aache.

"Mama Nasma, watu wanakuja. Pengo limekaa hivyo, bawaba zinaning'inia, watatuonaje?"

"Watuone."

"Ukoo mzima?"

"Hasa huo."

Akanitazama, yule anayejua napenda pazia jipya hata akija mzoa taka. Akaziegemeza mbao ukutani. Baadaye nilimkuta anaondoa lile komeo la chuma kwenye mbao zilizoanguka, akaliweka mfukoni, akaenda nalo sijui wapi.

Nimepanga hivi. Mbuzi wawili, pilau, na maandazi nitapika mwenyewe, maana ya mdogo wangu huwa magumu. Wanawake sitawakalisha ukumbini. Nitawaingiza chumba cha mzazi, wote watakaoenea, na Nusrat na tumbo lake nitamkalisha kitandani, mbele kabisa. Majiko yote mawili yatakuwa barazani, yanachemsha chai, mahali pake. Nitawaambia nilichofanya, kuanzia vifaranga. Nitawaambia na jina la yule wa kwanza. Wengine watasema Mastura alikuwa anajisifu sana, acha apatwe. Waseme, ilimradi wakienda makwao wafungue madirisha.

Redio inasema mvua itaendelea mpaka mwisho wa wiki, na upepo. Sawa. Nimefunga uzi wa kushonea juu ya lile pengo, ule ule. Tangu asubuhi unacheza, hautulii hata nikiutazama. Wewe uko kifuani kwa mama yako chini yake, unalia unataka kunyonya.

Wanafika Jumapili, tarehe 18 Mei, siku yako ya arobaini. Wote.